Ripoti za kompyuta zinawafuta wavuvi. Vikundi vikabidhiwe vyanzo vya data

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nieleze jambo lisilopigiwa kelele majukwaani, ingawa linagusa mifuko ya watu wengi huku Lamu. Ni ripoti zinazotolewa na kompyuta za vyama vya ushirika, vikundi vya BMU (vile vya wavuvi vya kusimamia fukwe), vyama vya akiba na mikopo na baadhi ya ofisi za umma. Mimi hutengeneza ripoti hizo kwa malipo. Nakaa Langoni, na wateja wangu wengi ni vikundi vya wavuvi, kuanzia Kizingitini, Faza na Ndau hadi Kipungani. Kazi yenyewe ni kuchota data iliyomo ndani ya hifadhidata na kuipanga kwenye karatasi ambayo mwenyekiti, mweka hazina na mwanachama wa kawaida wataisoma, wakajua nani alileta nini na nani anadai nini.

Ombi langu ni hili. Kikundi au ofisi ikilipia mfumo wa kompyuta, ikabidhiwe pamoja na mfumo huo maelezo ya maandishi ya kila uga unaotokea kwenye ripoti zake. Uga ni kile kisanduku kimoja cha taarifa: jina la mvuvi, namba yake ya uanachama, aina ya samaki, kilo, bei, tarehe. Mwenye mfumo ajue uga huo unatoka jedwali gani, ndani ya hifadhidata gani, kwenye seva gani (kompyuta inayotunza hifadhidata hiyo), na umeunganishwa vipi na majedwali mengine. Vikundi vingi ninavyoingia havina hata ukurasa mmoja wa maelezo ya namna hiyo. Aliyetengeneza ripoti kaondoka nayo kichwani.

Wengi hudhani ripoti na data ni kitu kimoja. Sivyo. Ukitumia Crystal Reports, programu iliyoanzia Kanada na ambayo sasa ni mali ya SAP, ripoti yako huhifadhiwa kama faili ya rpt. Ukitumia JasperReports, iliyoanzishwa na Teodor Danciu mwaka 2001 na inayopatikana bure, faili yako ni ya jrxml. Kwa kawaida ndani ya faili hizo hamna samaki wala mvuvi. Kuna maagizo tu: nenda kwenye seva fulani, ingia hifadhidata fulani, chukua nyuga hizi, unganisha jedwali hili na lile, panga kwa bandari ya kushukia, kisha jumlisha. Agizo moja likikosewa, data inabaki salama mahali pake na karatasi inasema uongo. Na anayelipwa hulipwa kwa karatasi.

Niliyaona hayo kwa macho yangu katika ofisi ya chama kimoja, siku za kugawa faida ya msimu. Mzee mmoja wa rika la baba yangu alikuja na risiti zake ndani ya kopo la maziwa ya unga. Akazitoa na kuzipanga mezani: changu, chewa, tafi, nguru wawili wakubwa. Kisha akaniambia mimi, kwa kuwa ndiye niliyekuwa nimekaa mbele ya kompyuta, "Mwanangu, karatasi yenu yasema sikuleta samaki. Basi hawa walikuwa wa nani?" Karani alimjibu kuwa jina lake halimo. Nikasema, "Ami, nipe nafasi kidogo nitazame." Nilifungua jedwali la mapokezi ya samaki na kumtafuta kwa namba yake ya uanachama. Alikuwemo, mzigo kwa mzigo, kilo zikilingana na zile za risiti. Jina lilikuwa limepotelea njiani, baina ya hifadhidata na printa.

Nikafungua ripoti yenyewe upande wa usanifu. Kampuni iliyoitengeneza ilitaka namba ya akaunti ya benki ionekane kando ya kila jina, kwa hiyo ililileta jedwali la akaunti na kuliunganisha na jedwali la wanachama. Muungano uliotumika ni ule wa ndani, ambao Crystal Reports hukupa yenyewe usipochagua mwingine. Muungano wa ndani huchukua tu mistari iliyo na mwenzake pande zote mbili. Ami hana akaunti ya benki. Yeye hulipwa kwa simu. Upande wa akaunti hana mstari, basi na upande wa wanachama mstari wake ukaachwa, na samaki wake wote wakaachwa pamoja naye. Hakuna onyo lililojitokeza kwenye skrini. Programu ilifanya kama ilivyoagizwa.

Sasa fikirini ni nani wengine wasio na akaunti ya benki. Ni wazee. Ni vijana walioanza juzi kupanda mashua za wenzao. Ni akina mama wanaotafuta pweza kwa miguu miambani siku za bamvua, maji yakitoka. Hawa ndio walioachwa kwenye orodha, kundi zima, kwa sababu ya uga mmoja ambao hata hauhitajiki kupiga hesabu ya faida. Nilibadilisha muungano ukawa wa kushoto, ule unaowachukua wanachama wote na kuacha nafasi wazi pale ambapo akaunti haipo, na majina yakarudi. Lililonikera ni kwamba ripoti ile ilikuwa ikitumika tangu kabla sijaingia mlango wa ofisi hiyo, na hapakuwa na mtu ndani yake aliyepewa uwezo wa kujua kuwa kuna muungano wa aina yoyote.

Kuna kosa la upande wa pili, la kuzidisha. Mvuvi mmoja anaweza kuwa na jarife na madema, na pengine mshipi pia. Zana hizo huandikwa kwenye jedwali lake, kila zana mstari wake. Msanifu akiliunganisha jedwali la mapokezi na jedwali la zana kwa namba ya uanachama, kila mzigo wa mvuvi huyo hujirudia kwa kila zana aliyo nayo. Akileta kilo 40 na ana zana mbili, ripoti huandika 40 mara mbili na kujumlisha 80. Kuiambia programu ichukue rekodi za kipekee pekee hakusaidii, maana mistari hiyo haifanani: mmoja una neno jarife, mwingine una neno dema. Njia ya kufuata ni kuziweka zana kwenye ripoti ndogo iliyo ndani ya ripoti kubwa, au kutumia jumla endelevu inayoongeza kilo pale tu namba ya risiti inapobadilika. Njia ya mwanzo kabisa ni kujiuliza kama uga wa zana unahitajika kwenye ripoti hiyo. Mara nyingi hauhitajiki. Umeletwa kwa sababu ulikuwepo kwenye orodha ya nyuga na kuuburuta ni rahisi.

Kuna pia hili la uga mtupu, ambalo ningependa kila mweka hazina alijue. Tupu si sifuri. Tuseme ripoti ina fomula ya kujumlisha kilo za samaki, kilo za pweza na kilo za kamba mawe. Mama aliyeleta pweza peke yake, karani hujaza uga wa pweza na kuziacha nyingine bila kitu. Katika Crystal Reports, fomula ikikutana na uga mtupu husimama hapo hapo, na jibu lote hutoka tupu. Mama yule haandikiwi kilo zake za pweza. Anaandikiwa nafasi nyeupe. Ipo sehemu ya mipangilio ya kuigeuza data tupu kuwa sifuri, na ndani ya fomula unaweza kuuliza kwanza kama uga una kitu kabla ya kuujumlisha. Ni kazi ya dakika chache kwa anayejua. Kwa asiyejua, nafasi nyeupe husomwa kuwa mama hakufanya kazi.

Tarehe nazo zina balaa lake. Sisi huandika siku kwanza, kisha mwezi. Kompyuta nyingi huja zikiwa na mipangilio ya Marekani, inayotanguliza mwezi. Data ikiingizwa kutoka faili ya nje bila kuangaliwa, mzigo wa 05/01, yaani tarehe 5 Januari, husomwa kuwa tarehe 1 Mei. Mzigo wa 20/01 hauwezi kugeuzwa hivyo, kwa sababu hakuna mwezi wa 20, kwa hiyo ama hubaki Januari ama huingia kama maandishi matupu yasiyopangika kwa tarehe. Matokeo yake ni kwamba Januari, kilele cha kaskazi, bahari imetulia na watu wanavua mchana na usiku, inaonekana imepungukiwa samaki. Mei, kusi imeshapiga na mashua ndogo zimevutwa juu, inaonekana ina samaki wengi. Mtu wa ofisini anaweza kuipitisha ripoti hiyo asione kitu. Nahodha yeyote wa Kizingitini angeikataa kwa kuitupia jicho tu. Ndiyo maana nashikilia kwamba ripoti za uvuvi zisomwe na wavuvi wenyewe kabla ya kutiwa sahihi. Wao ndio wakaguzi wa kwanza.

Majina ya mahali nitayataja kwa ufupi. Kizingitini ikiandikwa kwa namna tatu tofauti na makarani watatu, ripoti iliyopangwa kwa bandari huitoa kama bandari tatu, kila moja na jumla yake ndogo. Uga wa bandari usiachwe wa kuandika mtu apendavyo. Uwe wa kuchagua kutoka orodha, na orodha hiyo iwe na jedwali lake.

Nirudi kwenye vyanzo vya data, kwa sababu hapo ndipo vikundi vyetu vinapofungwa mikono. Kampuni huja, huitengeneza ripoti kwenye laptopu yake, ikiielekeza kwenye hifadhidata iliyo ndani ya laptopu hiyo hiyo. Siku ya kukabidhi kila kitu hufanya kazi, picha hupigwa, hundi huandikwa. Wakishavuka Mokowe na laptopu yao, karani anaifungua ripoti na kompyuta inamtaka jina la seva na neno la siri la mahali ambapo hapafikiki tena. Ndani ya Crystal Reports kuna sehemu maalumu ya kubadilisha mahali pa chanzo cha data: unachagua chanzo cha zamani juu, chanzo kipya chini, na kuamuru kibadilishwe. JasperReports nayo ina kiunganishi cha data kinachowekwa nje ya ripoti, unachoweza kukibadilisha bila kuigusa ripoti yenyewe. Ujuzi huu haupiti uwezo wa kijana aliyemaliza chuo cha ufundi. Lakini lazima apewe faili halisi za ripoti, na mara nyingi kikundi huwa kimepewa programu iliyofungwa ambayo ripoti zake haziwezi kufunguliwa kwa usanifu.

Hata pale faili zinapokuwepo, kuna vikwazo vidogo vinavyowachosha watu. Niliwahi kuitwa ofisi moja ambako ripoti ilikuwa ikifunguka kwa katibu na kukataa kwa mtunza fedha, kwenye kompyuta moja, meza moja. Kila mmoja aliingia kwa akaunti yake ya Windows. Kiunganishi cha ODBC, yaani njia ya Windows ya kuiunganisha programu na hifadhidata, kilikuwa kimetengenezwa upande wa mtumiaji, kwa hiyo kilionekana na katibu peke yake, aliyekuwa ameingia siku kilipotengenezwa. Kingewekwa upande wa mfumo mzima, kingeonekana na wote. Kuna pia suala la biti. Windows ya biti 64 ina madirisha mawili ya kusimamia viunganishi vya ODBC, moja la programu za biti 32 na moja la zile za biti 64. Crystal Reports ya matoleo ya kabla ya 2020 ni ya biti 32, na haikioni kiunganishi kilichotengenezwa kwenye dirisha la biti 64. Mtu anaapa kuwa amekitengeneza, na kweli amekitengeneza, ila mahali ambapo programu haichungulii. Mambo kama haya yangejaza nusu ukurasa wa maelezo ya makabidhiano. Badala yake kikundi hulipa nauli ya fundi kutoka mbali kuja kubofya vitufe.

Hatari kubwa zaidi huja pale hifadhidata inapofanyiwa mabadiliko. Tuseme uga uliokuwa ukiitwa jina_mvuvi umebadilishwa kuwa jina_kamili. Ripoti ya zamani inautafuta uga wa jina_mvuvi na haiupati. Ukiiambia Crystal Reports ihakiki hifadhidata, itakuletea dirisha lenye nyuga za zamani upande mmoja na nyuga mpya upande wa pili, ikuombe uzioanishe. Uga usiooanishwa huondolewa kwenye ripoti. Anayeharakisha na kukubali bila kusoma atajikuta na karatasi isiyo na safu ya majina. Mwenye daftari la nyuga mkononi atajua mara moja kuwa hivi ni kitu kimoja kilichobadilishwa jina. Asiye nalo atakisia, na kukisia kwenye safu ya fedha ni jambo la kutisha. Uga wa bei ya kununulia na uga wa bei ya kuuzia vyote ni namba, na programu itakuruhusu kuvioanisha kinyume bila kulalamika.

Na lile la data iliyohifadhiwa ndani ya ripoti, nililoliacha nyuma niliposema kwa kawaida ripoti haina samaki ndani. Crystal Reports ina chaguo la kuihifadhi data pamoja na ripoti. Likiwa limewashwa, faili ikifunguliwa huonyesha hesabu za siku ilipohifadhiwa mara ya mwisho, hadi mtu aamuru data isomwe upya. Kikundi kinaweza kuchapisha hesabu za mwezi uliopita kikidhani ni za mwezi huu, na tarehe ya kuchapisha iliyo juu ya karatasi itakuwa ya leo. Dawa ni kulizima chaguo hilo, na kuweka kwenye ripoti uga wa tarehe ya data kando ya tarehe ya kuchapisha, ili msomaji azione zote mbili.

Kwa nini nalipa jambo hili uzito huu? Kwa sababu huku kwetu orodha ni riziki. Mwaka 2018 Mahakama Kuu iliamua kwamba wavuvi wapatao 4,600 wa Lamu walipwe fidia ya takriban Sh1.76 bilioni kwa madhara ya ujenzi wa bandari mpya. Uamuzi wa namna hiyo haumfikii mtu mpaka jina lake liwe kwenye orodha, na orodha za siku hizi hutoka kwenye kompyuta. Basari za watoto ni orodha. Mgao wa boti na nyavu ni orodha. Mtu akiwa kwenye hifadhidata na asiwe kwenye ripoti, mbele ya meza ya malipo huyo ni mtu asiyekuwepo, na mzigo wa kuthibitisha unamwangukia yeye na kopo lake la risiti. Wenye kutunza risiti ni wachache.

Kuna na upande wa siri za watu. Nimeona orodha zimebandikwa ukutani zikiwa na majina, namba za vitambulisho na namba za simu, kila mpita njia akisoma. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inataka taarifa za mtu zitumike kwa kiasi kinachohitajika tu kwa shughuli husika. Orodha ya ukutani inahitaji jina na namba ya uanachama, basi. Namba ya kitambulisho ibaki kwenye nakala ya mweka hazina. Msanifu wa ripoti ndiye anayeamua hili pale anapouburuta uga kuuweka kwenye karatasi, kwa hiyo apewe mwongozo na mwenye data, asiachiwe mwenyewe.

Nimesikia hoja ya makampuni kwamba wakikabidhi usanifu wa ripoti watanyang'anywa kazi yao na wengine. Naielewa hofu hiyo, maana nami naila kazi hii. Lakini fundi wa Matondoni akimaliza jahazi humwonyesha mwenye chombo kila mahali palipotiwa kalafati, ili chombo kikivuja baharini ajue pa kutazama, na mafundi wa Matondoni hawajakosa kazi kwa sababu hiyo. Kampuni inayoweka maarifa yake wazi huitwa tena, kwa sababu watu wanaiamini. Mimi wateja wangu huwaachia faili zote na daftari la nyuga, nao hunirudia na kazi mpya.

Ningependa mikataba ya mifumo hii, iwe ya kaunti au ya ushirika, iseme waziwazi kwamba faili za usanifu wa ripoti ni mali ya aliyelipa, na kwamba malipo ya mwisho yasitolewe mpaka zifunguliwe kwenye kompyuta ya ofisi, zikisoma kutoka seva ya ofisi, kampuni ikiwa imezima laptopu yake. Jaribio hilo la kuzima laptopu ni dogo, ila limeniokolea vikundi kadhaa. Pia ripoti zisiingie kwenye hifadhidata kwa neno la siri la msimamizi mkuu, kama nilivyokuta mahali pengi. Itengenezwe akaunti ya kusoma tu, isiyoweza kufuta wala kubadilisha kitu, ili hata neno hilo la siri likivuja, data isiguswe.

Jambo moja la kitaalamu nawaomba mafundi wenzangu wa pwani walizingatie. Msiziunganishe ripoti moja kwa moja na majedwali ghafi. Tengenezeni ndani ya hifadhidata majedwali ya kuonekana tu, yanayokusanya nyuga zinazohitajika, zikiwa tayari zimeunganishwa sawasawa na kupewa majina ya Kiswahili yanayoeleweka: kilo_zilizopokelewa, bei_kwa_kilo, bandari_ya_kushukia. PostgreSQL na MySQL, ambazo zote hupatikana bure, zinaweza kazi hii, na Microsoft SQL Server vilevile. Mabadiliko yakifanyika chini, unarekebisha mahali pamoja na ripoti zote hubaki zima. Na karani mpya akiifungua orodha ya nyuga, anakuta majina anayoyajua badala ya fld_017.

Daftari la nyuga lenyewe si kitabu kikubwa. Kwa ripoti ya mapokezi ya samaki hutosha kurasa chache: jina la uga kama linavyosomeka kwenye karatasi, jina lake ndani ya hifadhidata, jedwali lake, kama ni namba au maandishi au tarehe, kama unaruhusiwa kuwa mtupu, na kama ni fomula basi fomula hiyo iandikwe kwa maneno ya kawaida. Chini yake aina ya muungano baina ya majedwali na sababu ya kuuchagua. Kisha saini ya aliyekabidhi na aliyepokea.

Makadirio ya bajeti ya kaunti hufikishwa kwenye bunge la kaunti ifikapo tarehe 30 Aprili, na kabla ya kupitishwa kuna mikutano ya maoni ya umma. Nawaomba wavuvi na viongozi wa BMU wakihudhuria, wasiishie kwenye boti na majokofu. Kila mfumo wa kompyuta unaotengewa fedha, waulize nani atazishika faili za ripoti zake, seva itakaa wapi, na nani wa hapa Lamu atafundishwa kubadilisha chanzo cha data na kuhakiki miungano. Watake majibu hayo yaandikwe kwenye kumbukumbu za mkutano. Mimi nimeandaa kielelezo cha daftari la nyuga kwa Kiswahili, na kikundi chochote cha Lamu Mashariki au Magharibi kinachokihitaji nitakipa bila malipo na kuketi na karani wake mpaka ajue kukijaza.

Wako,
Mtengeneza ripoti,
Langoni, Lamu